Rangi Nyekundu kwenye Miti ya Hawe

Fundi niliyemwita kupaka mlango wa duka langu hapa Tezo alinikosea tangu mwanzo. Nilimtuma rangi ya kijani, akaja na nyekundu, tena nyekundu ile ya mafuta, nzito, ambayo harufu yake ikiingia nyumbani haitoki kwa siku tatu. Ati kijani imekwisha, na nyekundu yaita wateja. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpa maneno yake. Lakini alipochomeka bisibisi chini ya mfuniko na kopo likafunguka, harufu ikanijia usoni, na badala ya kugomba nikajikuta nimekaa kwenye stuli ya cherehani, mikono nimeificha nyuma ya mgongo. Mwanamke mzima mimi, na mvi zimeshaanza kunichungulia. Fundi akauliza kama naumwa. Nikamwambia apake tu hiyo hiyo nyekundu, tusikeshe mlangoni.

Nyinyi wa rika langu mliokulia upande wa Gede, mkiwa na msitu nyuma ya jiko, mtanielewa nikisema kuna harufu za utotoni ambazo mtu hazisimulii kwa sababu ndani yake mna kosa. Yangu ni hii ya rangi ya mafuta, na nimeibeba peke yangu miaka yote. Au nilidhani nimeibeba peke yangu.

Sisi twajiita Waata. Watu wa mjini walituita Wasanye, na wengine walilitamka jina hilo huku wamekunja pua, kwa hivyo shuleni nilikuwa nikisema mimi Mgiriama na kuyamaliza hapo. Haikuwa vigumu. Kigiriama twakisema, majina yetu ni ya Kigiriama, na nyanya yangu tulimwita Hawe kama majirani walivyowaita nyanya zao. Hawe mwenyewe hakuwa na habari ya kujificha. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye kinywa kikali na kifuko cha ugoro kilichofungwa kwenye pindo la leso, na akiulizwa kwao ni wapi alinyoosha kidole kuelekea msituni bila kugeuza hata shingo.

Ubavuni mwa shamba letu ilisimama miti saba ya mrihi. Baada ya miti hiyo kulikuwa na njia ya ng'ombe, na ng'ambo ya njia ndipo msitu wa serikali ulipoanzia. Hivyo ndivyo wakubwa walivyoelewana tangu zamani: huku kwetu, kule kwa serikali, njia katikati. Mrihi ukichanua, nyuki huja mpaka mti wenyewe unavuma. Mume wa Hawe, ambaye mimi sikumkuta, alitundika mizinga kwenye miti yote saba, na kwenye kila shina, juu ya kimo cha mtu, alichanja alama yake: mikato miwili iliyolala na mmoja uliosimama kuipita katikati.

Alama ile ndiyo iliyokuwa hati yetu. Kwetu, mti wenye nyuki ni wa aliyeuona mwanzo akauchanja, na akifa ni wa watoto wake. Ukipita ukaona alama ya mtu mwingine, hata uwe na njaa ya siku mbili, hata asali iwe yadondoka kichwani mwako, wapita. Nilizijua alama za koo zote za upande ule kabla sijajua kuandika jina langu. Hawe alinitembeza akiniuliza, "Na huu wa nani?" Nikijibu sawa, tulisonga mbele. Nikikosea alinishika sikio kidogo, akasema, "Wataka watu waseme mjukuu wangu mwizi?" Sikio halikuniuma. Kilichoniuma ni lile neno.

Siku ya kurina ilikuwa sikukuu yangu kuliko hata Krismasi. Mjomba Karisa, mtoto wa pekee wa kiume wa Hawe, alipanda na kamba kiunoni na kienge cha makumbi mkononi, moshi ukimtangulia, huku akiwazungumzia nyuki kwa upole ambao sisi watu hakuwahi kutuonyesha. Sega la kwanza lilishushwa kwenye kapu, na kwa desturi yetu halikuliwa na mkubwa. Lilikuwa la mtoto mdogo kuliko wote waliopo, na kwa miaka kadhaa mtoto huyo alikuwa mimi. Mpaka leo sijapata kula kitu chenye joto namna ile, joto la mzingani, na nta inabaki mdomoni unaitafuna mpaka taya zinachoka.

Asali iliyobaki ilikwenda kwenye mtungi, mtungi ukaenda chini ya kitanda cha Hawe, na hapo ndipo vita vyetu vilipoanzia. Nilikuwa mwizi wa mtungi. Hawe hakuniuliza kama nimeiba. Alisema tu, "Lete mikono," akaivuta mpaka puani, akanusa kidole kimoja kimoja kama mnunuzi wa samaki, kisha akatoa hukumu. Nilijaribu kunawa kwa maji, kwa mchanga, kwa majani ya limau. Pua yake haikudanganyika hata mara moja. Alikuwa akinichapa kofi dogo la mkono, halafu akiulamba ule mkono akicheka, akisema asali haitupwi.

Kisha wakaja watu wa rangi. Walikuwa watano, na mkubwa wao alivaa kofia pana iliyofungwa kwa kamba kidevuni, hata tukamwita Bwana Kofia. Walipita ng'ambo ya njia ya ng'ombe, na kila baada ya hatua kadhaa waliupaka mti mkanda mwekundu wa kuzunguka shina, kimo cha kifua cha mwanamume. Nilimkimbilia Hawe nikamwuliza ile alama nyekundu ni ya ukoo gani. Alisimama akaitazama kwa muda.

"Ni ya serikali," akasema. "Ukiiona, pita."

Na yeye mwenyewe akapita. Hata kuni kavu zilizoanguka chini ya miti ile hakuziokota tena. Alama ni alama, awe ameitia Mwata ama serikali. Jirani yetu mmoja hakuona hivyo. Alikwangua rangi kwenye mti mmoja aliosema ni wa baba yake, na watu wa rangi wakaondoka naye kwenye gari. Alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, na hakutaka kuulizwa.

Wiki ile nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine. Mjomba Karisa alikuwa akitengeneza mzinga uani, akamwambia Hawe, "Hawa wakivuka njia, mama, mizinga imekwenda." Hawe akamjibu kwamba hawawezi kuvuka, miti ina alama ya baba yake, kila mtu aijua. Mjomba akacheka bila furaha. "Kila mtu wa hapa. Hao wametoka mbali. Kwao hiyo ni mikwaruzo tu."

Nilikuwa na miaka minane, niko darasa la pili, na maneno yale yaliniingia. Niliwaza vile mtoto wa Waata awezavyo kuwaza. Wale watu hawaijui alama ya babu. Lakini nyekundu waijua. Mti wenye nyekundu una mwenyewe, hauguswi, hata Hawe ameuogopa. Basi ikiwa miti yetu itakuwa na nyekundu, watakapofika wataona ina mwenyewe, watapita. Niliigeuza hesabu hiyo kichwani siku mbili nzima na sikuona kasoro yake. Nikisema ukweli, nilijiona nina akili kuliko Mjomba.

Kopo nililikuta kando ya njia, walilitupa likiwa na rangi kidogo chini. Darasa la pili tulitoka saa sita. Hawe alikuwa ameenda kisimani na Mjomba hayupo. Nikachana kipande cha leso kuukuu, nikakichovya, nikaanza mti wa kwanza. Shina lilikuwa nene, ikabidi nilikumbatie, shavu kwenye gome, nikilipitisha lile tambara kutoka mkono huu kwenda huu. Nyuki walikuwa juu yangu wakiendelea na kazi zao. Nilimaliza miti saba, nikasimama kwenye njia nikaitazama, na nikaona fahari ambayo sijawahi kuiona tena, hata siku nilipofungua duka langu.

Mikono ilikuwa myekundu mpaka viwikoni. Niliisugua kwa mafuta ya taa na jivu, ikawa ya waridi, ila kucha zikakataa katakata. Hawe aliporudi na ndoo kichwani hata hakuitua. "Lete mikono," akasema. Akanusa. Nikamwambia nimemwaga taa. Alizitazama kucha zangu, akanitazama mimi, akatua ndoo na kuniambia nikasonge ugali. Nilishangaa kuachiwa kirahisi vile.

Baada ya siku chache Bwana Kofia akarudi na vijana wake na mkokoteni wa vigingi vya saruji. Alimsalimu Hawe vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitika. Akasema wamekuja kusimamisha mpaka.

"Simamisheni kule kwenye njia," Hawe akasema.

"Sisi twafuata rangi, mama. Na rangi naiona hapa."

Hawe akatembea mpaka kwenye mirihi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipouona mkanda ule kwa karibu. Kijana mmoja wa rangi akainama, akaugusa, akasema, "Mkubwa, mbona huu uko chini hivi? Na siku ile sisi huku hatukufika."

Bwana Kofia akafunua daftari lake, akalifunika. Sauti yake ikabadilika. "Kuna mtu amechezea alama za serikali? Ni heri aseme sasa. Maana huyo nikimpata, naondoka naye kama nilivyoondoka na yule mwingine."

Hawe aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma ya mgongo, na, Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu. Nilidhani mambo yanakwenda nilivyopanga. Wamefika kwenye miti, wameiona nyekundu, wamesimama. Hawe alitazama pale ambapo mikono yangu ilipaswa kuwa. Halafu akafungua pindo la leso, akachukua ugoro, akavuta taratibu bila haraka yoyote.

"Hakuna aliyegusa," akasema. "Mmepaka nyinyi wenyewe, mmesahau tu."

"Una hakika, mama?"

"Mimi ndiye nikaaye hapa. Niliwaona."

Bwana Kofia akaandika. Hakuna mtu wa kazi ile aliyewahi kugombana na anayemwongezea msitu. Kufikia alasiri vigingi vilikuwa vimesimama upande wetu wa miti, na mirihi yote saba ilikuwa ya serikali. Mimi bado nilikuwa nangoja waondoke ili nimwambie Hawe ni nani aliyeiokoa.

Mjomba Karisa aliporudi nilimsikia kwa mara ya kwanza akimpandishia mama yake sauti. Alimwuliza amewezaje kuitoa miti ya baba kwa mdomo wake mwenyewe. Hawe akamjibu, "Nimesema nilichosema." Askari wa msitu walitupa siku moja ya kushusha mizinga. Mmoja ulianguka ukapasuka, nyuki wakakaa kwenye tawi siku mbili kisha wakaondoka. Hawe aliokota nta iliyomwagika, akaitia mtungini pamoja na mchanga wake. Mjomba hakusema na mama yake masika yote, halafu akaenda Ganze kuchoma makaa, yeye ambaye hakuwahi kukata mti mbichi. Alipokuja kututembelea alikuwa ananuka moshi mwingine, si ule wa makumbi, na mimi nilimkimbia nikalia nyuma ya choo. Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuelewa.

Kuelewa kwenyewe hakukuja siku moja. Kulikuja kidogo kidogo, na nilipofika darasa la sita nilikuwa nimeshajua maana ya mkanda ule na maana ya maneno ya Hawe. Nilijaribu kumwambia. Nilianza, "Hawe, kuna jambo ile siku ya rangi..." Akanikata hapo hapo: "Maji yamekwisha, kachote." Nilijaribu tena nikiwa msichana mkubwa, na tena nilipokuja kumwonyesha mtoto wangu wa kwanza. Kila mara palikuwa na maji ya kuchotwa. Nikaamua kuwa hataki kunisikia kwa sababu amenikasirikia, na nikawa naenda kwake kwa nadra kuliko nilivyopaswa. Hilo najuta kuliko hata ile rangi.

Watu wa msitu, kwa upande wao, walikuwa waaminifu sana. Kila miaka michache walipita kutia rangi upya, na kila walipofika kwenye mirihi yetu waliinama, wakajishika viuno, wakapaka pale pale chini palipopakwa mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Siku mbili baada ya mlango wangu kupakwa, Mjomba Karisa alinipigia simu. Kuna mradi mpya wa kuhifadhi msitu, akasema, na safari hii wanawauliza wenyeji mipaka yao kabla ya kuchora ramani. Watafika Jumamosi. "Njoo umsemee mama. Wewe umesoma." Nilimwambia nitakuja. Usingizi nilioupata mpaka Jumamosi ni ule wa kuokoteza.

Nilikwenda na futi yangu ya kupimia nguo shingoni. Afisa waliyemleta alikuwa dada kijana wa bara, mpole, ambaye alimwamkia Hawe kwa magoti. Hawe alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amekuwa mdogo kama mtoto, macho yana ukungu, ugoro uko pindoni. Majirani walikuwapo. Dada yule akasoma kwenye faili kwamba vigingi vilisimamishwa kwa kufuata rangi, na mkaaji wa mahali hapo alithibitisha rangi hiyo. Akauliza, "Bibi, maneno haya ni yako?"

"Ni yangu," Hawe akasema.

Mjomba akainamisha kichwa. Nilijua hapo mambo yamekwisha nisiposema, nikasimama. Nilimwomba afisa tuvuke njia ya ng'ombe kwanza, tukapime mti wa serikali. Kutoka ardhini hadi kwenye rangi, inchi hamsini na moja. Tukarudi kwenye mirihi yetu. Thelathini na tano. Wa pili, thelathini na tano. Tulipima yote saba, na mkanda wa juu kuliko yote haukufika thelathini na saba.

"Mimi nashona sare za shule," nikamwambia. "Kifua cha mtoto wa darasa la pili nakijua hata nikifumba macho. Ni hapa. Aliyepaka miti hii alikuwa mtoto wa darasa la pili, na mtoto huyo ni mimi."

Nikaeleza yote, kopo, leso, ile hesabu yangu. Niliyaeleza nikimtazama Mjomba, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mama yake. Afisa naye akamgeukia Hawe, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Kwa hivyo siku ile, bibi, ulisema uongo?"

"Niliusema."

"Na ulijua kwamba miti itakwenda?"

Hawe akamtazama kwa macho yake ya ukungu kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Miti ilikuwa saba," akasema. "Yeye alikuwa mmoja."

Dada yule aliandika kwa muda mrefu, akatupimisha tena mbele ya majirani, wakatia sahihi. Alituambia wazi kwamba yeye si mwenye neno la mwisho, ila kwenye ramani anayoipeleka mstari utarudi kwenye njia ya ng'ombe, na karatasi yake itaeleza kwa nini. Vigingi bado viko mpaka leo ninapoandika. Lakini Mjomba Karisa, ambaye hawezi tena kupanda hata ngazi, amekata gogo la mnazi na kuanza kulichimba mzinga uani, na mwanangu wa kiume ameambiwa akija likizo ajifunze kamba. Siku ile kabla ya kuondoka, Mjomba alipita nyuma yangu, akanishika sikio kidogo, akaenda zake.

Watu walipotawanyika nilikwenda kukaa chini, karibu na kiti cha Hawe. Nilitaka kumwomba radhi na nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Tezo. Nikafungua mdomo.

"Lete mikono," akasema.

Nikampa. Aliivuta mpaka puani, akanusa kidole kimoja kimoja, taratibu, wala hakuruka hata kimoja. Mlango wangu wa dukani ulikuwa haujakauka vizuri, na asubuhi ile niliufunga mwenyewe.

"Bado yanuka rangi," akasema, na hakuiachia.